Vitambaa Nilivyofua Mkesha wa Idi

Nilifagia Chuo cha Sanaa pale Fındıklı, Istanbul, miaka thelathini na mmoja, na katika miaka yote hiyo nilikosea mara moja. Wapo wanaokosea kila siku na hakuna anayewakumbuka. Mimi bado nasemwa, tena na watu ambao hawakuwapo, basi heri niandike mwenyewe.

Jina langu Satı. Nilitoka kijijini Kastamonu nikiwa mke wa Hurşit, mpakuzi wa mizigo bandarini. Chuo kilikuwa kimeteketea kwa moto mwaka arobaini na nane. Kilipojengwa upya walitafuta wanawake wa kusugua sakafu, na Mzee Rıfkı, mtunza chumba cha sanamu, ndiye aliyeniandikisha. Yeye alianza kazi zamani za sultani, wavulana wakisoma kwao na wasichana wana shule yao mbali. Siku ya moto alitoka na vichwa viwili vya plasta, kimoja kila kwapa, na nyusi zake hazikuota tena.

Sakafu zilikuwa zangu, sanamu za udongo zilikuwa zake. Wanafunzi walizifinyanga juu ya mifupa ya chuma, na kila jioni yeye alizifunika vitambaa vya maji zisikauke. Asubuhi anavilowesha tena. Vilikuwa vyeusi kwa tope, vinanuka kama kisima alichofia paka.

Mwaka wangu wa tatu pale, binti mmoja wa Edirne, Müzehher, alinijia nikiwa nimepiga magoti na brashi.

"Dada Satı, nataka nikufinyange."

"Mimi? Wanawake wazuri wamekwisha Istanbul?"

"Wazuri hawatulii. Wewe ukikaa, umekaa."

"Ushungi sivui."

"Nani kakwambia uvue?"

Serikali ilikuwa inapeleka mwanafunzi mmoja Ulaya kusomea uchongaji, na kwa umri wake, huo ulikuwa mwaka wake wa mwisho kushindania nafasi hiyo. Kila alasiri kwa miezi miwili nilikaa juu ya kigoda, mikono magotini. Sijawahi kutazamwa namna ile, hata na Hurşit siku ya harusi. Udongo ulipoanza kuwa mimi, mkubwa kuliko nilivyo, niliona aibu na niliona fahari, sitadanganya. Waamuzi wangekuja siku ya kwanza baada ya Idi, saa nne asubuhi. Kazi isiyosimama haihesabiwi.

Idi iliangukia mwezi wa tano, jua linaingia kwa yale madirisha makubwa ya upande wa bahari. Mzee Rıfkı alikuwa anakwenda Bursa kwa dada yake.

"Asubuhi na jioni," akaniambia. "Lowesha, funika. Hata siku ya Idi yenyewe."

"Nimesikia."

"Najua umesikia. Nauliza kama utafanya."

"Mzee Rıfkı, mimi si mtoto wa kurudiwa maneno."

Mkesha ulipofika nikaingia na ndoo. Sasa kwetu Idi haikuti nguo chafu mbichi ndani ya nyumba. Mama yangu hakukubali, wala mama yake. Nikatazama vile vitambaa vya sanamu. Halafu udongo wenyewe mimi nimekua nao, baba yangu alikuwa mfyatua matofali. Unafyatua, unaacha juani, linakuwa nyumba ya miaka mia. Linalolowana ndilo linalooza. Nikasema moyoni, mzee wa watu amezeeka, anabembeleza maji bure. Nikavivua vyote, nikaenda navyo nyumbani, nikavichemsha kwa majivu, nikavianika. Siku tatu tulikula baklava na wageni, na mimi nilikuwa na furaha. Nilidhani nimemsaidia mtoto yule.

Siku ya nne niliwahi. Nilifika mlangoni nimekumbatia vitambaa vyeupe, nimevipiga pasi na kuvikunja, nikamkuta Müzehher amesimama katikati ya chumba.

Shingo ya sanamu ilikuwa na ufa wa kuingiza vidole viwili. Mkono wa kulia ulikuwa sakafuni, chuma kimebaki kinaning'inia begani. Nusu ya uso ilikuwa imebanduka, iko chini karibu na kiatu chake, na lile jicho lilikuwa langu, linatazama darini. Nilijishika shavu. Kweli nilijishika, kuona kama lipo.

Müzehher hakulia. Alikuwa amefungua mdomo kidogo tu, kama mtu anayengoja kumaliza neno.

Wanafunzi wakajaa. Mmoja akasema, "Ni Nejdet," kwa sababu Nejdet ndiye aliyekuwa akishindana naye, na kazi yake ilikuwa ya plasta, nzima. Wakamshika ukosi.

"Nani mwingine anafaidika? Sema."

Nejdet alikuwa mweupe kama kazi yake.

Ningenyamaza, lawama ingekuwa yake mpaka leo. Sikunyamaza.

"Mwacheni. Ni mimi."

"Dada Satı, huyu usimtetee."

"Simtetei mtu. Nimefua."

"Umefua nini?"

Nikavinyoosha vile vitambaa. Wakavitazama. Ukosi wa Nejdet ukaachiwa.

Mzee Rıfkı alitokea na begi lake la safari mkononi. Nikamwambia habari ya baba na matofali.

"Tofali la baba yako lina majani ya ngano, udongo ukikauka unanywea nayo," akasema taratibu. "Hapa ndani kuna chuma. Chuma hakinywei." Kisha akaketi juu ya kigoda changu na begi mapajani.

Waamuzi watatu walikuja saa nne. Wakatazama sakafu, wakaandika, wakahamia chumba cha Nejdet. Haikuchukua muda wa kunywa glasi ya chai.

Mkuu wa utawala alitaka nitoke siku ileile. Müzehher ndiye aliyemjibu, macho yake dirishani:

"Mkimfukuza mtaleta mwingine naye atakosea. Huyu amekwishakosea. Mpeni vitambaa."

Sikuomba anisemee, na hakunitazama alipokuwa anasema. Nikabaki, na vitambaa vikawa kazi yangu. Ulaya hakwenda, alikwenda kufundisha kuchora shule ya wasichana Sivas. Nilimwandikisha Hurşit barua ya kumpelekea, maana kuandika nilikuwa sijajua bado. Haikujibiwa, na sikudai ijibiwe.

Idi ya kuchinja ilikuja baada ya miezi miwili. Kondoo ameshachunwa, wageni wako njiani, nikavaa viatu.

"Unakwenda wapi?" Hurşit akauliza. "Nyama ataikata nani?"

"Una mikono."

"Siku ya Idi, mwanamke wewe?"

"Siku ya Idi."

Mlinzi wa chuo alinifungulia huku anatafuna. Mle chumbani mlikuwa na sanamu kumi na moja, za watoto wengine. Nikavilowesha vitambaa hivyohivyo na tope lake, bila kuvifua, nikazifunika moja moja mpaka miguuni, na jioni nikarudi tena.