Sukuma Wiki za Julai

Jumatatu ya pili ya Julai mwaka jana nilimpoteza mke wangu, Nduku. Aliacha kitalu cha sukuma wiki nyuma ya jikoni hapa Kola, miche ikiwa tayari kuhamishwa.

Nyinyi mnaoanza kulima nyumbani, kazi hii niliianza katika bustani ya hoteli Machakos mjini, msimu kama huo wa baridi na manyunyu. Siku ya kwanza, msimamizi, Mzee Kioko, alinikuta jioni nikimwagilia spinachi kwa ndoo.

"Kijana, wewe hulala na nguo mbichi?"

"La, mzee."

"Mbona spinachi unailaza hivyo?"

Tangu hapo nilimwagilia asubuhi, majani yakauke mchana. Wakati wa baridi, maji ya jioni huleta ukungu, ugonjwa wa kuozesha majani. Alinifundisha pia kutandaza nyasi kavu shinani, udongo usipoe.

Baadaye nilihamia Syokimau, kwa mama mmoja wa ofisini. Yeye alitaka mboga zifunikwe kutwa.

"Muli, zitashikwa na homa."

"Mama, zitakosa jua."

"Mimi nina sweta, zenyewe zina nini?"

"Wewe una miguu ya kwenda juani."

Alicheka, nikafunua.

Nyumbani nilikuja mwisho wa mwezi tu. Nduku aliniambia, "Unalima za watu, zako nalima mimi." Ilikuwa kweli, hata nilipostaafu.

Kwetu shamba halilimwi kabla marehemu hajazikwa. Mazishi yalimngoja mwanetu aliye ng'ambo, na miche ikazidi kurefuka, ikabanana, ikaanza kupauka. Ilikuwa kazi ya mwisho ya mikono ya Nduku. Nikachuchumaa kitaluni, nianze kuing'oa. Mwikali, dada yake, akaniona.

"Shemeji, inuka hapo."

"Sijashika jembe. Ni vidole tu."

"Vidole ndivyo vilivyoshika jembe maisha yako yote. Inuka."

Niliinuka.

Kesho yake baada ya mazishi tulichimba mashimo, mimi na Mwikali. Miche mingi ilikuwa imeoza. Iliyopona ilitosha mstari mmoja. Tuliipanda jua likiwa limepoa, tukaizungushia nyasi.

Septemba nilichuma majani ya kwanza. Nilikuwa nimekuza mboga tangu ujana, lakini kuzikata za kupika sikuwahi. Nilimpa Mwikali kisu. Hakukipokea. Alivuta kiti, akaketi.

Nilizikata mwenyewe. Zilitoka vipande vipana, vingine na vikonyo vyake. Mwikali alizikaanga hivyo hivyo, tukala na ugali.