Siku Papa Batisti Aliponinyang'anya Vijiti

Mpaka leo, mwanangu, nikisikia simbali, ile sahani ya shaba, ikigongwa naikumbuka ile asubuhi ya Masisi. Papa Batisti alininyang'anya vijiti vya batteri, ile seti ya ngoma, mikononi, akavichomeka juu darini mwa nyumba yake ya kutengenezea fromaji, yaani jibini, akaniambia, "Rudia kwenu." Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilishuka kilima nikilia kwa hasira, maana nilijihesabu mpigaji mkubwa kuliko wote wa milima ile.

Na wewe mjukuu wangu umekuja na simu yako, unanionyesha mtu anayepiga ngoma mbio mpaka mikono haionekani, unaniambia mimi bibi yako, "Tate, nataka kupiga jazi hivi." Nitakufundisha. Keti kwanza, weka simu chini, chai ingali moto.

Wakati ule katika korali yetu ya kanisa mimi peke yangu njo nilikuwa msichana mwenye kupiga ngoma. Wavulana walinicheka: mwanamke na batteri, wapi na wapi! Basi nikaamua kupiga kuwashinda kwa nguvu. Na kwetu milimani ngoma ilisifiwa kwa kusikika mbali. Kila tulipomaliza mazoezi nilisimama njiani kuwangojea akina mama wanaopeleka maziwa sokoni, niwaulize, "Mulinisikia toka wapi?" Wakisema toka mtoni, nilinuna. Wakisema toka kilima cha pili, siku hiyo nililala nikicheka.

Papa Batisti, kabla ya kuwa mtu wa ng'ombe na fromaji, alipiga batteri miaka mingi Bukavu katika orkestra iliyopenda jazi. Rafiki yake wa orkestra ile, Muzee Kalinda wa Walikale, alikuwa mpuliza tarumbeta. Sasa binti wa Muzee Kalinda, jina lake Furaha, alikuwa anaolewa kwetu Masisi, na muzee alitaka kumpulizia tarumbeta kanisani. Kifua chake kilikuwa kimechoka kabisa. Daktari alishamkataza. "Mara moja tu, Furaha anisikie," alisema, "kisha naacha." Batisti naye, vidole vyake vilikuwa vimejikunja kwa ugonjwa wa viungo, hawezi tena kushika kijiti kwa muda mrefu. Akanichagua mimi. Harusi ilibaki majuma matatu.

Siku ya kwanza alinionyesha jambo moja tu. Aliegemeza kijiti kati ya vile vidole vyake vibovu, akagonga simbali: ting, ting-ti-ting, ting-ti-ting. Basi, hivyo tu. Lakini weee! Nyumba nzima ya fromaji ilianza kutembea. Nilisikia mwili unasisimka, nikashika mdomo. Sikujua kitu kidogo vile kinaweza kubeba mtu.

"Hesabu moja mpaka ine," aliniambia. "Mukono wa kuume inatembea kwa simbali. Muguu wa kushoto inafunga zile simbali mbili za chini, ukifika hesabu ya mbili na ya ine. Ngoma kubwa ya muguu, iguse kama vile kuna mutoto analala ndani."

Kichwa kilishika haraka. Baada ya juma moja miguu na mikono yote ilikuwa inajua kazi yake. Nilijiona nimemaliza.

Muzee Kalinda alipofika toka Walikale, tulifanya mazoezi mle mle kati ya rafu za fromaji. Alikuwa mwembamba, koti lake limemzidi. Akaanza kupuliza, nami nikaingia. Mwanzo polepole, kisha utamu ukanipanda. Nikafunga macho, nikapiga yangu yote, ya kilima cha pili! Nikapiga, nikapiga. Nilipofungua macho nikamkuta Muzee Kalinda ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, anakohoa ndani ya kitambaa. Tarumbeta ilishaingia katika mfuko wake. Sijui alikuwa ameacha toka lini. Mimi sikuwa hata nimesikia kwamba mwenzangu hayupo.

"Batisti, tuache," alisema kwa sauti ndogo. "Furaha ataolewa bila tarumbeta."

Hapo njo nilinyang'anywa vijiti. Papa Batisti hakufoka. Ningependa angefoka. Aliniuliza tu, "Binti, ulikuwa unapigana na nani?"

Nyumbani nilimkuta Mama amemwaga maharagi makavu kwenye mkeka uani, yale ya mbegu. Akanipa fimbo bila kuniuliza kwa nini macho mekundu. Tukaanza kupura kama siku zote, yeye akishusha yake, mimi nashusha yangu katikati. Sikujua kwamba Papa Batisti alikuwa amenifuata, pengine aliona huruma. Alisimama penye ua, anatuangalia kwa muda mrefu.

"Mbona unapiga polepole hivi?" akaniuliza.

"Ni mbegu, Papa. Nikipiga na nguvu zitapasuka, hazitaota."

"Na ile fimbo ya Mama yako, unaionaka? Macho yako iko chini."

"Naisikiaka tu. Nikikosa kuisikia tutagongana."

Alicheka mpaka akashika ua. Kisha kicheko kikaisha, akaniangalia usoni.

"Kumbe! Maharagi unaihurumia, na kifua ya Muzee Kalinda hapana?"

Mwanangu, maneno yale yaliniingia. Fimbo ilinianguka. Niliona aibu, lakini chini ya aibu kulikuwa na mshangao mkubwa: kumbe mkono wangu ulijua toka utoto kile nilichodhani ni kigeni, cha Bukavu, cha ng'ambo. Nilipanda kilima siku ile ile nikamwomba Muzee Kalinda msamaha. Alitoa tarumbeta mfukoni.

Vijiti sikurudishiwa. Papa Batisti alifumua waya wa breki ya baiskeli, akafunga nyuzi zake kwenye vipande viwili vya muti kama vifagio, na kwa vifagio hivyo nilifagia ngozi ya ngoma ndogo badala ya kuigonga. Shhh, shhh. Majuma mawili yaliyobaki nilifagia.

Siku ya harusi kanisa lilijaa. Muzee Kalinda alisimama karibu nami, na kabla ya kila mstari nilisikia akivuta pumzi. Nilikuwa nasikia mpaka pumzi! Nikamwachia nafasi kila alipovuta. Katikati ya wimbo pumzi ilimkatika. Tarumbeta ikanyamaza, Furaha akageuka akamtazama baba yake, na watu wakaanza kujua kwamba kuna shida. Nilitamani kuziba kimya kile na kelele zangu zote. Sikuziba. Nilibakiza simbali tu, ting, ting-ti-ting, chini kabisa, kama mtu anayesimama njiani anamngojea mwenzake. Nikasikia pumzi inarudi. Akainua tarumbeta, akamalizia wimbo wote, na kanisa zima hakuna aliyekohoa. Furaha alikuwa analia wazi wazi. Mimi sikuwahi kuwa karibu na kitu kikubwa vile.

Tulipotoka, Muzee Kalinda alinishika bega. "Binti, leo nilijisikia mwenyewe," alisema. Hakupuliza tena. Tarumbeta alimwachia Furaha, akarudi Walikale.

Njiani niliwakuta akina mama wa maziwa wamesimama na mitungi yao. Mazoea mabaya yalinishika, nikauliza, "Mulinisikia toka wapi?"

Wakaangaliana. "Kumbe wewe ulikuwa unapiga?" mmoja akasema. "Sisi tulisikia tu tarumbeta. Tulisimama hapa sisi wote, maziwa inatungojea."

Sijapata sifa nyingine kama ile mpaka leo.

Basi shika hili, mwanangu, ndipo nikupe vijiti. Anza na simbali, hesabu nne, na upige chini mpaka usikie pumzi ya aliye kando yako. Ukikosa kuisikia, hata kama mikono inakimbia kama ya huyo wa kwenye simu, bado hujaanza. Na ukiona mwenzako amekatika, usimzibie kimya chake. Mngojee.

Mungu akupe mkono mwepesi na sikio kubwa, na siku pumzi yako wewe itakapokatika, akuwekee kando yako mtu anayejua kungoja. Haya, lete mguu wa kushoto. Mbili, na nne.