Kicheko cha Ijumaa

Ofisini walimwita Kiwingu, na hakuna aliyeona haja ya kueleza kwa nini. Ukimwachia dirisha na kikombe cha chai, basi ameshaondoka: mwili uko kitini, macho yapo juu ya mabati ya jirani. Kazi yake katika chama cha akiba na mikopo ilikuwa kujibu maswali ya wanachama mtandaoni. Kwa mtu wa aina yake hiyo ilikuwa kazi ya hatari, kwa sababu wanachama waliandika walivyosikia, na yeye aliona walivyoandika.

Mtu akiuliza zamana ya mukopo ni kitu gani, mwenzake wa meza ya pili alisoma dhamana ya mkopo, akajibu, akaendelea na mengine. Kiwingu hakuweza. Zamana aliiona kabisa: mji wa kale wenye malango ya mbao, na Mukopo ndiye mzee wa huko, mwenye kitambi, anayekujia akitabasamu na kuondoka amekuvua viatu. Hakiba alikuwa ndege mdogo wa kijivu asiyekubali kutua. Na liba, aliyeletwa kila siku bila kukosa, alikuwa mnyama wa chini ya kitanda anayenenepa wewe ukiwa umelala. Siku moja nusura amjibu mwanachama kwamba liba hapendi mwanga, akaufuta ujumbe kidole kikiwa tayari juu ya kitufe. Aliyapenda maneno yale kwa dhati, tusimwonee. Ila aliyapenda kuliko watu walioyaandika.

Maana kulikuwa na Ijumaa. Kila Ijumaa, saa ya chai, walikusanyika mbele ya skrini kubwa ya chumba cha mikutano, kila mmoja na kituko chake cha wiki. Kilisomwa kwa sauti, watu wakashika mbavu, na mshindi akanunuliwa soda. Majina yalifichwa, picha za akaunti zilibaki, nao waliona huo ni ustaarabu wa kutosha.

Soda ilinywewa hukohuko, lakini vituko Kiwingu alivibeba nyumbani. Aliishi na mama yake, fundi wa miavuli, mwanamke aliyeweza kuurudishia uhai mwavuli uliopinduliwa na upepo, lakini aliyetolewa shule kabla hajaizoea. Jioni, katikati ya vijiti na vitambaa vyeusi, Kiwingu alisimama sebuleni akaigiza: huyu kaandika hivi, yule kaandika vile. Mama alicheka mpaka machozi. Kisha aliuliza, kama mtu asiye na haja sana, hilo neno lilitakiwa kuandikwaje. Kiwingu alimtajia herufi moja moja, akidhani ni mwendelezo wa utani.

Sasa ikaja Ijumaa moja. Mwenzake wa meza ya pili alirusha kituko chake kwenye skrini, akakisoma kwa sauti ya msiba: "Samahani nauliza. Nataka binti yangu awe mrisi wa hakiba yangu nikifa. Yeye asijue. Nafanyaje." Akauliza kama mrisi ni cheo cha jeshi au ugonjwa wa kuku. Chumba kizima kikaangua kicheko, Kiwingu naye ndani. Ameshamwona huyo Mrisi, msichana mwembamba anayetembea mvuani kwa raha zake, mwavuli mkononi haujafunguliwa.

Ndipo akaitazama picha ya mwulizaji. Birika la kijani kwenye kizingiti cha dirisha, kifuniko chake kimetiwa kizibo cha chupa mahali pa kishikio. Asubuhi ileile alikuwa amenywa chai ya birika hilo. Na kicheko hakikukatika papo hapo, kilimtoka bado wakati macho yameshajua, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.

Kiwingu aliuliza mwanachama huyo alijibiwa nini. Mwenzake akasema bado, alikuwa anaisubiri Ijumaa. Swali lilikuwa limekaa tangu Jumatatu.

Alirudi mezani akageuza kiti, dirisha likabaki mgongoni. Aliandika pole pole. Mama, samahani kwa kukuchelewesha. Njoo na kitambulisho, omba fomu ya mrithi, jaza jina la binti yako, hakuna atakayemwambia. Chini aliandika Mhudumu, basi. Aliona aibu, na zaidi ya aibu aliogopa: kama mama yake aliona afadhali aulize watu asiowajua, je, atamwuliza yeye jambo lolote tena?

Jioni alimkuta mama ana furaha, anashona kitambaa kwenye kijiti huku akiimba bila maneno. Akamwambia kwamba leo kuna mtu wa ofisini kwao amemjibu vizuri sana, swali lake dogo tu, la mambo yake. Kiwingu akamwuliza kwa nini hakumwuliza yeye.

"Wewe unaigiza vizuri mno, mwanangu," mama alisema, wala hakusema kwa ukali. "Huyo hakucheka. Kaniita mama."

Angeweza kunyamaza. Mama angelala na furaha yake, na yule mhudumu mwema angeishi humo ndani miaka yote, mtu wa tatu wa nyumba. Kwa mara ya kwanza Kiwingu aliona njozi, asiitake.

"Alicheka, mama. Alicheka kwanza, hajaona kama ni wewe. Ni mimi."

Mama aliichomeka sindano kwenye kitambaa. Binti alikuwa analia, na hakufutwa machozi.

"Kwa hiyo umeshajua nilichouliza."

"Nimejua."

"Jina lako kwenye hiyo fomu nitaliandika mwenyewe," mama alisema. "Ndilo neno la kwanza nililojifunza kuandika. Hayo mengine nitakuuliza."

Akasogeza vijiti vya miavuli pembeni, na binti akakaa.