Mvuti wa Mama Lukas

Harufu kali ya majani ya mvuti yaliyokatwa siivumilii hadi leo. Juzi majirani walikuwa wakifyeka ua wao wa mvuti, ikanijia, nikalazimika kuingia ndani na kufunga dirisha.

Nilikuwa na miaka tisa hivi, kijijini kwetu karibu na Kilambo, watu walipokuwa wakivuka Ruvuma kukimbia vita vya Wareno. Mama Lukas alivuka na watoto wawili na jembe lisilo na mpini. Baba akamkatia kipande pembeni mwa shamba letu la mihogo na mikorosho. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema. Mama, aliyelilima shamba lile, hakuulizwa, wala hakuona aliyepona.

Mvua zilizofuata, mvuti ulichipua kila mahali chini ya mikorosho. Tuliung'oa, miiba ikatuchana viganja; baada ya wiki mbili umerudi. Siku moja kisimani, mbele ya wanawake wote, Mama akasema yule mgeni ndiye anayetupandia magugu.

"Kaja nayo kutoka kwao. Kabla yake mlikuwa mkiyaona?"

Mama Lukas alisikia. Akatua debe lake. "Dada, mie nilivuka na watoto tu."

Wanawake wakaendelea kuteka. Tangu siku hiyo walimwacha ateke maji wa mwisho.

Lakini mimi nilikuwa nimewaona shore, wale ndege wenye kishungi cheusi. Walikula vitunda vya mvuti kwenye vichaka vya mtoni, wakaja kutua kwenye mikorosho yetu, na vinyesi vyao vya zambarau vilijaa mbegu. Nilimwonyesha Mama jani moja lililochafuka.

"Mama, ni ndege."

Alilitazama, akalifuta kwa kidole gumba. "Palilia, mwanangu."

Mama Lukas alifunga mzigo akaelekea Nanyamba, mihogo yake ingali michanga. Wiki hiyo hiyo Mama alikirudisha kile kipande kwenye shamba letu. Mvuti ukaendelea kuota.

Kwa miaka mingi niliamini Mama hakunielewa. Kisha nikaolewa, nikaona shamba nililolilima mimi likigawiwa bila neno langu. Mama alinielewa vizuri. Hasira yake ilikuwa kwa Baba, na Baba hakuambilika. Mama Lukas aliambilika. Nami niliyeujua ukweli nilimwambia mtu mmoja tu, tena yule aliyekwisha kuujua.