Mtungi Mmoja Kabla ya Kura

Mie sikuja Kasulu kwa kupenda, nilipangiwa. Ilikuwa miaka ya sabini, nami ni msichana wa Tanga ambaye hajawahi kuvaa sweta maishani mwake. Wiki ya kwanza nililia kwa sababu ya baridi, nikalia kwa sababu ya maharage yasiyojua nazi, mpaka mwalimu mkuu akaniuliza kama nimefiwa. Nyumba za walimu zilikuwa zimejaa, nikatafutiwa chumba kwa mama mmoja mjane aliyekaa kando ya njia ya Heru Juu. Nilikaa kwake miaka yote niliyofundisha huko. Huyo ndiye ninayetaka kumsimulia, na nitamsifu. Asiyependa kusikia sifa za watu afungue redio.

Umri wake ulikuwa kama wa mama yangu mzazi. Alilima mihogo na maharage, alipika pombe ya ndizi, na hakuwa na haraka na jambo lolote. Salamu zake peke yake zilikuwa kazi ya kutosha. Waha wanasalimiana kwa makofi: anainama kidogo, viganja vinagongana polepole, "Mwakeye, mwakeye," anauliza habari za nyumbani, za shambani, za watoto, za waliosafiri. Sisi watu wa pwani tunajiona mabingwa wa kusalimu, lakini kwa mama yule nilikuwa naishiwa maneno yeye bado yuko katikati. Nilijaribu kumkatisha mara moja tu. Alianza upya toka mwanzo.

Sasa, kulikuwa na Mahakama ya Mwanzo, jengo la bati karibu na soko. Mahakama Kuu tuliisikia redioni. Kwa watu wa pale, neno la mwisho juu ya shamba lako, ndoa yako na mbuzi wako lilitoka kwenye meza ya jengo lile. Mezani walikaa watu watatu: hakimu, ambaye ni mtu wa serikali, na wazee wa baraza wawili, watu wa pale pale. Wazee hawa hawakuwa pambo. Wakikubaliana wao wawili, hakimu mwenyewe anashindwa. Na jina la mzee wa baraza lilitoka kwenye mkutano wa tawi la Chama. Basi mzee mmoja akawa hasikii tena, akaomba kupumzika, kiti kikabaki wazi. Ebo! Nilidhani ugomvi nimeuona kwetu, kwenye ngoma za lelemama wanawake wanapogawana mitaa. Kumbe sijaona kitu.

Chama kilikuwa kimoja nchi nzima, lakini pale kijijini kilikuwa na pande mbili zisizopikika chungu kimoja. Upande mmoja waliitwa watu wa mlimani, wenyeji wa tangu zamani. Upande wa pili waliitwa watu wa lori, kwa sababu waliletwa kwa malori wakati wa kuhamia vijijini, wengi wao kutoka milima ya kuelekea Kibondo. Walipofika wakagawiwa mashamba ambayo watu wa mlimani waliyaita ya babu zao. Wa mlimani wakasema tumenyang'anywa. Wa lori wakasema sisi tulibomolewa nyumba, tukapakiwa na kuku wetu, nani aliomba kuja huku? Mie mgeni niliwasikiliza wote nikaona wote wana haki ya kulia.

Kesi za mipaka zikawa hazina mwisho, na kubwa kuliko zote ilikuwa njiani inakuja. Kaka yake mama mwenye nyumba wangu alikuwa na shamba zuri la bondeni, lenye migomba, na shamba hilo alikuwa amepewa mtu wa lori. Mzee wa baraza aliyebaki alikuwa wa mlimani. Hakimu alidhaniwa kuwaegemea wa lori, kwa kuwa serikali ndiyo iliyowaleta. Kwa hiyo atakayekaa kwenye kile kiti kitupu ndiye atakayeamua shamba la bondeni, na shamba la bondeni likishaamuliwa, mengine yote yatafuata njia hiyo hiyo. Hilo hata watoto wangu wa darasa la pili walilijua.

Jioni moja tunachambua maharage uani, mama akaniambia, bila kuinua macho, "Mwalimu, kile kiti nakitaka mimi."

Nikacheka, nikidhani ni mzaha. Hakucheka.

Akanieleza. Aliolewa huko huko milima ya Kibondo, mumewe akafa mapema, shemeji zake wakaichukua migomba yote na nyumba. Akaenda barazani kushitaki. "Walimuuliza shemeji yangu," akasema. "Wakamuuliza mzee wa ukoo. Wakamuuliza jirani. Mimi nimekaa pale pale, mtoto mgongoni, ndiye niliyeleta kesi. Hakuna aliyegeuza shingo kuniuliza." Wakatoa hukumu, naye akarudi kwa kaka yake kwa miguu. Alilisema hilo kwa sauti ile ile ya kuniuliza kama nimekula. Moyo wangu uliniuma sana, na toka jioni ile nikawa sitaki kusikia jina jingine juu ya kiti kile.

Mkutano ulifanyika darasani kwangu, watu wazima wamejikunja kwenye madawati ya watoto. Watu wa mlimani wakataja mtu wao, wa lori wakamkataa. Wa lori wakataja wao, wa mlimani wakamkataa kwa kelele zaidi. Ndipo balozi mmoja wa nyumba kumi, mtu wa mlimani, akasimama akamtaja mama. "Ni binti yetu," akasema, "amezaliwa hapa." Watu wake wakapiga makofi. Na watu wa lori nao wakapiga makofi! Mmoja akasema, "Hapo sawa, huyo ni mke wetu, ameolewa kwetu." Kwa muda wa kumeza mate kijiji kizima kilikuwa kimoja. Kisha kila upande ukasikia makofi ya upande wa pili, ukaingiwa na wasiwasi. Kama hawa wanamtaka, basi kuna jambo.

Loo, aliyekuwa mtu mwema dakika ile akageuka mhalifu. Mzee mmoja wa mlimani akasema kiti cha mzee hakikaliwi na mwanamke. Mwenyekiti akamkumbusha kwamba Chama kinasema binadamu wote ni sawa, mzee akakaa huku akinung'unika. Mtu wa lori akasema huyu mama anapika pombe, je, mpika pombe atamhukumu vipi mlevi?

"Na wewe unayeinywa kila Jumapili, atakuhukumu nani?" Hiyo ilikuwa sauti yangu. Ilinitoka kabla sijaufunga mdomo. Darasa likaangua kicheko.

"Mwalimu, kaa chini," mwenyekiti akasema.

"Nimekaa, Ndugu Mwenyekiti," nikasema, nami nimesimama.

Ndipo likaja swali lenyewe, ambalo kila mtu alikuwa analizungukazunguka. Kijana mmoja wa upande wa lori akainuka. "Mama, shamba la bondeni la kaka yako. Kesi ikija, utampa nani?" Akisema kaka, wa lori wanamtupa. Akisema mtu wa lori, wa mlimani wanamtupa, na nyumbani kwake ni mlimani.

Mama akasimama. Akapiga makofi yake ya salamu, pande zote mbili, polepole, mpaka nikatamani kumsukuma. Kisha akasema, "Kesi haijaletwa. Ikiletwa watasikilizwa wote wawili."

"Jibu swali!" wakapiga kelele wa mlimani na wa lori kwa pamoja. Hilo ndilo lililokuwa jambo lao la kwanza kukubaliana.

"Swali hilo ni la mahakama," mama akasema. "Hapa ni shule." Akakaa.

Basi wakamchemkia. Mara ana kiburi, mara ameshanunuliwa na wale, hapana, amenunuliwa na hawa. Mwenyekiti akagonga meza yangu kwa kifutio mpaka vumbi la chaki likatupalia sote, akaahirisha kura mpaka Jumamosi.

Siku zile za katikati hapakulalika kwa maneno. Kisimani wanawake wa mlimani walichota upande wao, wa lori upande wao. Kaka mtu alikuja akasimama mlangoni, akamwambia dada yake, "Nilikupokea ulipofukuzwa Kibondo." Mama akamjibu, "Ego, ulinipokea," yaani ndiyo, ni kweli. Usiku ule aliacha chakula chake bila kukigusa, nami nikajua kwamba kiti kile kinamgharimu kitu.

Jumamosi asubuhi, ukungu bado uko kwenye migomba, nikasikia watu wanakuja kwa njia ya juu. Ni wazee wa mlimani, na mbele yao binti amebeba mtungi wa pombe kichwani, umezibwa kwa majani ya mgomba. Kule hamwendi kwa mtu kuomba jambo mikono mitupu. Mtungi ukipokelewa na kunywewa, aliyeupokea amekubali kuwasikiliza. Kabla hawajafika uani, nikasikia wengine kwa njia ya chini. Ni watu wa lori, na mtungi wao! Kila upande ulikuwa umewaza jambo lile lile, saa ile ile, na sasa wamesimama uani kwa watu wanatazamana kama wezi waliokutana kwenye banda moja la kuku.

Nilitaka kucheka, nikaona uso wa mama, nikajizuia. Akipokea mtungi mmoja, amekwisha. Akiikataa yote miwili, amewatukana watu wazima mbele ya wake zao. Yeye akaanza salamu. Makofi, mwakeye, wa nyumbani, wa shambani, mmoja mmoja, nao hawana la kufanya ila kuitikia. Alipomaliza akaniomba nimletee chungu chake kikubwa. Akakisuuza. Akaupindua mtungi wa mlimani humo ndani wote. Akaupindua na wa lori humo humo. Mie siinywi pombe, lakini wallahi nilihisi kulewa kwa kuangalia tu.

Akachomeka mirija ya matete kuzunguka chungu. "Karibuni," akasema. "Aliyeleta huonja kwanza."

Na hiyo ndiyo desturi yenyewe. Aliyeleta pombe lazima aionje mbele yako, kuonyesha kwamba hakutia kitu kibaya. Anayekataa kuonja amejitangaza mwenyewe kuwa ana sumu. Wakatazamana. Pombe ya nani ile sasa? Ya wote. Mzee wa mlimani, yule yule wa kiti hakikaliwi na mwanamke, akachuchumaa. Yule kijana wa swali akachuchumaa upande wa pili. Vichwa vikakaribiana, mirija ikalia. Wengine wakafuata. Chungu kilikuwa kikubwa, na hakikuisha upesi.

Mama hakugusa mrija hata mmoja. "Nimeletewa chungu kimoja," akasema mwishoni, "na mmekinywa nyinyi. Nendeni, tutaonana kwenye kura."

Mchana ule darasani hakuna aliyeweza kusimama kusema mama amenunuliwa. Nani angesema? Kila mmoja alikuwa amekinywea chungu kile kile, mdomo karibu na mdomo wa mwenzake. Mwenyekiti akaita kura, mikono ikapanda, mingi ya mlimani, mingi ya lori. Mimi nilinyoosha wangu juu mpaka bega likauma.

Kesi ya kwanza kusikilizwa akiwa kitini, kama ilivyotarajiwa, ni shamba la bondeni. Shule ilikuwa imefungwa, nami nikaenda. Jengo lilijaa mpaka madirishani. Mama amekaa kulia kwa hakimu, amejifunga khanga mpya. Karani akaita majina ya wadaawa. Kaka mtu akasimama, mtu wa lori akasimama.

Na mama akasimama.

"Mama, unakwenda wapi?" hakimu akauliza.

"Huyu ni kaka yangu, tumbo moja," akasema. "Siwezi kuikalia kesi yake." Akatoka nyuma ya meza, akaja akakaa kwenye benchi, karibu yangu. Watu wakapiga kelele. Wiki nzima ya matusi, mitungi miwili, kisima kugawanywa, yote kwa ajili ya kura moja ya mahakamani ambayo mama hakukusudia kuipiga kamwe. Kesi ikasogezwa mbele mpaka akaitwa mzee wa baraza kutoka kata nyingine. Kaka akapewa sehemu yenye migomba, mtu wa lori akapewa iliyobaki, na hakuna aliyetoka akiimba. Kaka mtu alimnunia dada yake mpaka maharage yakavunwa.

Lakini siku ile ile ya kwanza, tulipotoka kupumzika, nikamvuta pembeni. "Mama! Kwa nini hukuwaambia siku ile? Wangenyamaza."

Akanitazama kwa huruma. "Mwalimu, ningewaambia, nani angenitaka?"

Nikacheka mpaka nikashika ukuta. Naye akacheka, mara ya kwanza toka kiti kilipokuwa wazi. Nilimpenda mama yule siku ile kuliko siku zote, na simwonei haya mtu kulisema.

Tukarudi ndani, mama akakaa tena kitini pake. Kesi iliyofuata haikuwa na watazamaji, wengi walishaondoka. Alikuwa binti mjane, mdogo mdogo, ananyonyesha. Shemeji yake akasema shamba ni la ukoo. Mzee wa ukoo akathibitisha. Jirani akasema alivyosikia. Hakimu akafunika kalamu yake, akamgeukia mzee wa kushoto kuuliza maoni.

"Bado," mama akasema. Akainama mbele juu ya meza. "Mwanangu, na wewe unasemaje?"

Yule binti akageuka nyuma kutazama ni nani anayeulizwa.

"Wewe," mama akasema. "Ni wewe."