Mende Weupe wa Mama Chekeche

Saa tatu asubuhi, mwanamke mmoja amesimama mbele ya chekeche pana kama meza, analitikisa. Mchele uliopikwa, ukaoteshwa kuvu, kisha ukakaushwa, unaruka na kushuka. Kinachopenya chini ni unga mweupe, mwepesi kuliko poda ya mtoto. Anakohoa, anageuzia uso begani, anaendelea.

Wenzake humwita Mama Chekeche. Ana miaka hamsini na miwili, sita kati ya hiyo ameimalizia kwenye kiwanda hiki cha dawa ya wadudu. Dawa yenyewe ndiyo hiyo kuvu: ilitolewa udongoni, kwenye mdudu aliyekufa, ikazalishwa kwa magunia. Mdudu akiigusa humwotea mwilini na kumla kwa ndani. Pakiti imeandikwa haina sumu.

"Haina sumu kwa nani?" anauliza. "Sikusoma sana, lakini pakiti nimeisoma."

Leo amevaa barakoa mpya, na haimfurahishi hata kidogo. Ziligawiwa jana, sanduku zima. Miaka sita imemfundisha kwamba barakoa zikija, mgeni yuko njiani. Mkaguzi anatarajiwa saa nne. Feni zilizokufa tangu mwaka juzi zimefufuka ghafla, sakafu imepigwa deki mara mbili, hata chai ya wafanyakazi leo ina maziwa.

Kikohozi kilimwanza mwaka wa tatu. Alipimwa kifua kikuu mara nne, mara zote hana. Msimamizi akamwambia ni moshi wa jikoni kwake.

Maneno hayo aliwahi kuyasikia. Usichana wake aliumalizia kiwanda cha magunia, na kule waliokohoa waliambiwa ni sigara, wakiwemo wanawake wa zamu yake ambao hawajawahi kuvuta hata moja. "Nikaamini," anasema. "Wawili tukawazika. Siamini tena."

Daktari mmoja wa zahanati ndiye aliyemwuliza anafanya kazi gani. Akamweleza kwamba kuvu ile ni nadra kuota ndani ya mtu kama inavyoota kwa mdudu. Lakini vumbi lake likivutwa kila siku, mapafu ya baadhi ya watu hulikataa, yakavimba. Akaandika hivyo kwenye cheti. Kiwandani wakasema cheti kimepokelewa. Hakijaonekana tena.

Angenyamaza, kama si mende.

Mjukuu wake wa miaka minne, anayelala chumbani kwake, alianza kukohoa. Siku zilezile jirani akamtania: "Shoga, kwako mende wamehamia wapi? Nigawie na mimi hiyo dawa." Mama Chekeche hakucheka. Alisogeza kabati, akakuta kumi na tisa wamelala chali, wameota manyoya meupe.

Weupe ule anaujua. Na hajawahi kubeba hata pakiti moja kwenda nayo nyumbani. Alichobeba ni sare, kwa sababu kiwanda hakina pa kufulia. Kila jioni aliikung'utia chumbani, hatua mbili kutoka kitanda cha mtoto.

Binti yake, mama wa mtoto, akamkataza kumbeba mjukuu kabla ya kuoga. "Nilinuna siku mbili," anakiri. "Halafu nikaona mwanangu ana haki."

Akatafuta chupa mbili. Katika moja akatia kipande cha sare, katika nyingine kipande cha shuka safi, na kila moja mende sita wazima kutoka kwa jirani na pamba yenye maji. Siku ya kumi na mbili, wa shuka walikuwa wanakimbizana. Wa sare walikuwa weupe.

Sare sasa huivulia nje, moja kwa moja kwenye ndoo ya maji. Mtoto hajakohoa wiki mbili.

Ijumaa iliyopita msimamizi alimwita ofisini, akampa kiti kwa mara ya kwanza. "Mama, wewe ni kama mzazi wangu," akaanza. Atahamishiwa kazi nyepesi getini, ila asaini kwamba kikohozi alikuja nacho. Aliomba akaisome karatasi nyumbani. Akajibiwa haitoki nje ya kiwanda.

"Karatasi haitoki," anasema, "lakini vumbi linatoka kila jioni." Hakusaini.

Anachotaka kinatajika kwa pumzi moja: chumba cha kubadilishia nguo, sare zifuliwe hapahapa, na barakoa hata siku zisizo na wageni.

Saa nne na robo mkaguzi anaingia, msimamizi kamganda ubavuni. Mama Chekeche anatoa mfukoni ile chupa ya sare, yenye mende sita weupe, na kuiweka mezani.

"Mama, hao mende si wa hapa," msimamizi anawahi.

"Si wa hapa, mwanangu. Wamefia chumbani kwa mjukuu wangu. Unga ndio wa hapa."

Mkaguzi anafungua daftari. Mama Chekeche anamtazama naye kwa jicho lilelile la mashaka analomtazamia msimamizi. Anamtaka aandike kwanza, kisha asome kwa sauti wenzake wasikie. Akishasoma, anamhesabia mende watatu kwenye bahasha.

Watatu waliobaki anawafungia kifuniko. Hao anarudi nao nyumbani, wasije wakapokelewa kama cheti.