Zamu ya Koti la Kijani

Mikono ya Fosca ilikuwa na akili yake yenyewe. Ilishika nguo, mkasi ukapita: vifungo kwenye kopo, ukosi pembeni, bitana chini, mishono nje. Kilichobaki, sufu tupu, kilirushwa kwenye rundo la rangi yake. Hapa Prato, mji wa Italia ambako nguo kuukuu huchanwa na kufumwa tena, uzi wa matambara hautiwi rangi upya. Rangi hubaki ile ile aliyoivaa mwenye nguo wa kwanza, na wachambuaji kama Fosca ndio wanaojua kwamba kijani cha chupa na kijani cha zeituni havilali kitanda kimoja. Mikono ikiwa kazini, mdomo ulikuwa huru kugombana na Renzo, dereva wa gari la marobota ya nguo.

Ndivyo koti lilivyopotea.

Lilikuwa koti la watu wawili. Fosca na dada yake Ilva walikua na koti moja la baridi, kijani cha chupa, wakilivaa kwa zamu: Jumamosi ya huyu, Jumapili ya yule. Mfuko wa kulia ulikuwa umetoboka, na mama yao alipotaka kuushona walimzuia kwa machozi. Aliyetoka matembezini alidondosha biskuti ya lozi kwenye tundu lile, ikateremka hadi kwenye upindo, na aliyebaki nyumbani akaingiza mkono mpaka kwapani kuitafuta. Ilva alipoolewa akaenda Australia, alilivua koti pale pale stesheni. "Huko ni joto," alisema. "Zamu yako, mdogo wangu, mpaka nirudi."

Zamu hiyo ikazaa mvi. Ilva alipiga simu kila Krismasi, na kila Krismasi alikuwa anakuja mwaka ujao. Fosca hakulivaa tena. Alilitundika nyuma ya mlango, na majira ya baridi yalipoanza alitia mkono mfukoni, akapita kwenye tundu, akapapasa upindo mtupu.

Mwaka ule, mwanzoni mwa vuli, Ilva alisema amekwisha kata tiketi.

Bitana ya koti ilikuwa imeoza. Fosca hakuwahi kununua kitambaa dukani, na hangeanza uzeeni. Akalichukua koti hadi bandani, mahali pa kazi, aliweke mapajani na kusubiri bitana nzuri itokee kwenye marobota. Renzo akaingia, akafungua chupa ya chai.

"Mama Fosca, nimesikia supu yako ya maharage ilimlaza shemeji yako."

"Alikula sahani tatu! Hata maji yangemlaza."

"Anasema uliweka chumvi ya mwezi mzima."

"Mwambie aje aniambie mwenyewe, kama bado anatembea. Na wewe, kwenu mnapika nini? Mkeo akichemsha yai, watu wanaita zimamoto."

Renzo alicheka hadi chai ikammwagikia. Wakaendelea hivyo, akapakia marundo yaliyochambuliwa, akaondoka. Fosca alipotazama mapajani, hapakuwa na kitu. Kwenye kopo, juu kabisa, vilikaa vifungo sita vya pembe vya lile koti, kimoja kikiwa na ufa wake wa siku zote. Rundo la kijani cha chupa halikuwepo.

Renzo aliporudi alimkuta amesimama mlangoni, kopo mkononi.

"Nipeleke ulikopeleka kijani."

"Kuna nini? Umesahau miwani?"

"Nimesahau dada yangu. Washa gari."

Renzo hakutania tena njia nzima. Walipofika kiwandani, kijani kilikuwa kimekwisha pita kwenye mashine ya kuchana, kimekuwa manyoya mepesi yaliyojaa chumba hadi dirishani. Morena, mwenye kiwanda, aliwasikiliza mikono kiunoni.

"Haya, bibi, koti lako limo humo," alisema. "Limo pamoja na makoti ya watu mia. Chagua lako."

Fosca akaingiza mkono ndani ya manyoya yale, mpaka kwapani. Morena akaitazama ile namna yake ya kupapasa, akashusha mikono kutoka kiunoni.

"Kikifumwa," alisema taratibu, "nitakuwekea kipande cha mwisho wa jora."

Alimwekea kweli. Fosca alikata kwa kukumbuka: ukosi mpana, mkanda nyuma, urefu wa kufunika magoti. Alishona bitana ya hariri iliyotoka kwenye gauni la mtu asiyemjua. Alirudisha vifungo vyote sita, chenye ufa kikiwa cha pili kutoka juu, mahali pake. Rangi ilikuwa yenyewe. Alilitundika nyuma ya mlango, akajiambia kwamba hakuna atakayejua, halafu akashindwa kulitazama.

Ilva alishuka kwenye treni akiwa mdogo kuliko kwenye simu, amevaa jaketi jepesi, midomo ikitetemeka kwa baridi.

"Umenenepa, mdogo wangu."

"Na wewe umekauka, dada. Huko kwenu hawapiki?"

Wakacheka, wakalia, wakazuia njia ya watu. Fosca akamvika koti alilomletea. Ilva akafunga vifungo kimoja kimoja. Kwenye kile chenye ufa dole gumba lilikaa kidogo. Kisha, bila kufikiri, akatia mkono kwenye mfuko wa kulia. Mkono ukagota. Ukapapasa kushoto, ukapapasa kulia.

"Tundu liko wapi?"

Fosca alikuwa ameshona kila kitu isipokuwa hicho. Nani, maishani mwake, amewahi kushona tundu?

Basi akamweleza pale pale, mizigo ikiwa katikati yao: bitana, supu, kopo, manyoya. Ilva alisikiliza akiwa ameshika kifungo.

"Kwa hiyo nimevaa watu mia."

"Na sisi tumo."

"Sehemu gani?"

"Sijui, dada. Nimetafuta."

Treni ilikwisha ondoka na upepo ukapita mahali ilipokuwa. Ilva akatoa mkono mfukoni, akaunyoosha mbele ya mdogo wake.

"Mkasi unao?"

Fosca alikuwa nao, kama siku zote, mfukoni mwa aproni chini ya jaketi lake. Akapiga magoti kwenye sakafu ya stesheni, akaugeuza mfuko nje, na kwa mara ya kwanza mikono yake ikamngoja aiamuru. Akakata polepole, upana wa biskuti moja.

"Zamu yangu, eti?" alisema Ilva, akiwa amesimama juu yake.

"Yako. Mimi nitakaa nyumbani nikusubiri."